Wasomaji Wanauliza: Njia ya Kazi Yenye Kona Nyingi

Barua za safari hii zimefanana kwa jambo moja. Waandishi wake, au watu wanaowazungumzia, waliingia katika huduma kwa jamii, baadhi kwa kujitolea na baadhi kwa kubahatisha tu, na sasa wanajiuliza kama njia waliyoipita inaweza kuitwa kazi ya maisha. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu maswali ya wengine wengi yamo ndani yake.

Swali moja lilinishinda katika usaili

Ndugu Mshauri, nina umri wa miaka 34. Nilipomaliza shule nilijitolea kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, kisha kikundi kile kile kikaniomba nitunze daftari za fedha kwa kuwa aliyekuwa akizitunza aliondoka. Baadaye nilipata kazi ya muda katika mradi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani, nikienda peke yangu. Mradi ulipofungwa, nilishika zamu za usiku katika kituo cha vijana waliotoka kizuizini, na sasa ninasimamia stoo na ugavi wa misaada katika shirika dogo, kwa mkataba unaokwisha mwishoni mwa mwaka. Ndugu zangu hunikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Katika usaili wa mwisho, mmoja wa waliokuwa mezani aliufunua wasifu wangu, akaufunga, akaniuliza, "Lakini wewe hasa ni nani?" Nilinyamaza. Je, nirudi chuoni nianze upya, au kuna namna ya kuyaeleza haya yakaeleweka?

Dada mpendwa, nadhani aliyekuuliza hakukusudia kukudharau. Mwajiri anapokuta vyeo vitano visivyofanana katika ukurasa mmoja hupatwa na hofu kwamba huyu naye ataondoka kabla hajatufaa, na ukimsimulia tena kituo kwa kituo ulikopita, unaizidisha hofu hiyo. Anachotaka kujua ni kwamba watu walikutegemea kwa jambo gani, na kama jambo hilo ndilo analolihitaji yeye.

Hebu tuisome barua yako kwa jicho hilo. Kikundi cha kisomo kilikukabidhi fedha ingawa ulikuja kufundisha. Mradi wa wagonjwa ulikuruhusu kuingia peke yako katika nyumba za watu walio dhaifu. Kituo cha vijana kilikuachia usiku mzima uwe mtu mzima wa kuamua, na shirika la sasa limekupa stoo. Vyeo vimetofautiana, lakini kote huko ulikabidhiwa kitu chepesi kupotea au kuharibika, pasipo msimamizi wa kukuchungulia, na mahitaji yakiwa makubwa kuliko kilichopo. Huo ni ujuzi, na unatafutwa. Pale mezani ungeweza kusema, "Mimi ni mratibu wa shughuli. Ninasimamia mali, zamu na ratiba katika huduma za watu walio katika shida, na nimefanya hivyo katika elimu, afya na malezi ya vijana." Kisha ungenyamaza wakuombe mifano, maana ndipo daftari na stoo zinapopata nafasi ya kusimuliwa.

Kona zako hazizidi za Cicely Saunders, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1918. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alikuwa mwanafunzi Oxford, akayakatiza masomo ili ajifunze uuguzi. Maradhi ya mgongo yakamwondoa wodini, akarudi chuoni, akahitimu, na kuanza kazi ya ustawi wa jamii hospitalini. Huko alimhudumia mkimbizi wa Kipolandi, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani. Wawili hao walizungumza sana kuhusu mahali ambapo mtu angeweza kumaliza siku zake akiwa ametulizwa maumivu na kusikilizwa, na alipofariki mwaka 1948 alimwachia Saunders pauni 500 kwa ajili ya mahali hapo ambapo hapakuwapo bado. Baada ya hapo alikwenda jioni kujitolea katika nyumba ya wagonjwa mahututi iliyoitwa St Luke's, na huko aliona wauguzi wakitoa dawa ya maumivu kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kumngoja mgonjwa alie. Alipofikiria kurudi katika uuguzi, daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi alimshauri asomee udaktari kwa sababu madaktari ndio waliokuwa wakiwakimbia wanaokufa. Alihitimu udaktari mwaka 1957, akiwa anakaribia miaka 40, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's mjini London, hospitali ambayo tiba shufaa ya kisasa, yaani huduma ya kuwatuliza maumivu wagonjwa wasioweza kupona, inahesabiwa kuwa ilianzia hapo.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ya yale masaa ya jioni. Alichokiona St Luke's akiwa mtu wa kujitolea ndicho alichokuja kukichunguza kitaalamu alipokuwa daktari. Kila kona ilimwachia kitu ambacho iliyofuata ilikitumia, na hicho ndicho kipimo ninachokushauri ukitumie kwa wasifu wako. Chukua kila kazi uliyoifanya na uandike ni nini ulichotoka nacho ambacho kazi iliyofuata isingekwenda bila hicho. Ikiwa kuna kazi isiyoacha chochote, usiifiche, lakini iandike kwa mstari mmoja na upite. Wala sitaki uniamini kwamba kuzunguka ni sifa kwa kila mtu. Wapo waliohama kila walipotakiwa kuwajibika, nao huwa na wasifu unaofanana na wako kwa nje. Tofauti ni kwamba hakuna anayeweza kusema waliachiwa nini mikononi. Ndugu zako wana methali yao, nawe unaweza kuwajibu kwa ile isemayo kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, mradi uwe tayari kuwaonyesha ulichookota.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulidharau mpaka wachelewe. Kazi za jamii huendeshwa kwa miradi, na mradi ukifa hufa na ofisi yake, anwani yake na mara nyingi kumbukumbu zake. Mtu aliyekusimamia miaka mitano iliyopita huenda yuko nchi nyingine, na shirika lililokuajiri huenda halina hata mlango wa kubisha. Kwa hiyo, kabla mkataba wako haujakwisha, omba barua inayosema ulifanya nini, si kwamba ulikuwa mtu mwema; barua inayotaja ukubwa wa stoo, idadi ya vituo ulivyovihudumia, na kama ukaguzi ulikuta hesabu zimelingana. Ripoti ya makabidhiano utaiandika wewe mwenyewe, basi iandike vizuri, na ukiruhusiwa ubaki na nakala isiyo na majina ya wahudumiwa. Watafute pia wasimamizi wa zamani sasa hivi, wakati huna shida nao, maana mdhamini anayepigiwa simu ghafla kuhusu mtu aliyemsahau husema maneno ya juu juu yasiyomsaidia mtu.

Katika wasifu, panga kazi zako kwa makundi ya majukumu kwanza, fedha na mali upande mmoja na huduma kwa watu upande mwingine, kisha chini yake weka orodha fupi ya tarehe iliyo kamili. Tarehe usizichezee. Mwajiri atakusamehe pengo la miezi sita kuliko atakavyokusamehe pengo ulilolifunika.

Kuhusu chuo, nenda, lakini si kuanza upya. Tafuta kozi inayokipa jina kile unachokifanya tayari, kama vile usimamizi wa ugavi, uhasibu wa mashirika au uendeshaji wa miradi, na uulize chuoni kama wanao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Nchi kadhaa zimeuweka. Ufaransa, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2002 inayomwezesha mtu kupata shahada au cheti kwa kuthibitisha uzoefu wake wa kazi, na uzoefu wa kujitolea unahesabiwa. Panapokuwa na utaratibu kama huo, zile barua nilizokuambia uziombe ndizo zitakazosomwa.

Nijitolee mpaka lini?

Mshauri, mimi ni kijana wa miaka 23 mwenye shahada ya biashara. Nimekuwa nikijitolea katika asasi moja kwa zaidi ya mwaka. Ninafika asubuhi kama waajiriwa, ninaandaa ripoti za wafadhili, na nikikosa siku moja ninaandikiwa barua ya onyo. Kila nikiuliza kuhusu ajira ninaambiwa nafasi ikitokea nitafikiriwa wa kwanza. Nauli ninajilipia. Naogopa nikiondoka nitapoteza nafasi, na nikibaki nitapoteza muda.

Kijana wangu, mwezi Oktoba 2013 wanatakwimu wa kazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kwamba kujitolea ni aina mojawapo ya kazi, wakaieleza kuwa ni kazi isiyo na malipo na isiyo ya lazima inayofanywa kwa ajili ya wengine. Pima hali yako kwa maneno hayo. Barua ya onyo hupewa mtu mwenye wajibu wa kimkataba. Asasi yako inakutaka uwajibike kama mwajiriwa na ulipwe kama mpita njia, na hapo neno kujitolea limeshatumika vibaya, hata kama walioko ofisini ni watu wakarimu wenye nia njema, jambo ambalo huwa kweli mara nyingi.

Sikushauri uondoke kesho. Omba kikao na mkuu wako, uende na orodha ya ripoti ulizoziandaa, na uulize maswali yenye jibu la ndiyo au hapana: je, bajeti ya mwaka ujao ina nafasi hii? Je, katika andiko la mradi linalopelekwa kwa mfadhili, mshahara wa anayeandaa ripoti umeombwa? Wewe ndiye unayeziandika ripoti hizo, kwa hiyo una haki ya kujua. Kama haukuombwa, basi "nafasi ikitokea" ni maneno ya adabu tu, kwa kuwa nafasi katika asasi haitokei yenyewe bali huandikwa kwenye bajeti na mtu fulani. Wakati huo huo omba nauli na barua ya majukumu, vitu ambavyo hata asasi isiyo na fedha za mshahara inaweza kuvitoa. Jiwekee tarehe ya kuondoka na umwambie mkuu wako tarehe hiyo bila kununa.

Jambo la pili ni kwamba huenda unaitafuta ajira mahali pasipo. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu aliowachunguza, ambao walipata kazi kwa kuambiwa na mtu, kwa sehemu kubwa hawakuambiwa na marafiki wa karibu bali na watu waliokuwa wakionana nao mara moja moja au kwa nadra. Sababu yake inaeleweka: rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua, ilhali mtu wa mbali yuko katika duara lenye habari nyingine. Kwa mwaka mzima umekutana na wakaguzi, maafisa wa serikali, wahasibu wa wafadhili na waratibu wa asasi nyingine, nao wameziona ripoti zako. Hao ndio mshahara wa kweli uliokwisha kuupata. Waandikie wachache, kwa ufupi, ukitaja kazi mliyofanya pamoja, na uwaulize ni wapi mtu wa aina yako anahitajika. Usiwaombe kazi, waombe habari, kwa maana habari hutolewa kwa moyo mwepesi zaidi.

Mwanangu ana shahada ya sheria, lakini anashinda na watoto wa mitaani

Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu. Mwanangu wa kwanza amesomea sheria kwa jasho letu. Alianza kwenda katika klabu ya vijana jioni mara moja kwa wiki, na sasa anasema anataka kuacha uwakili aisimamie klabu hiyo kwa malipo yasiyofika nusu ya anayoyapata. Je, nimzuie au nimwache?

Shikamoo mama. Kumzuia hutaweza, lakini unaweza kumuuliza vizuri, na hiyo ni kazi kubwa ya mzazi.

Kuna mtu aliyefanya jambo hilo hilo. Clement Attlee alipata sifa ya uwakili Uingereza mwaka 1906. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda kuitembelea klabu ya wavulana wa familia maskini katika eneo la Stepney, mashariki mwa London, akarudi tena na tena, mpaka mwaka 1907 akawa msimamizi wake na kuhamia huko huko. Uwakili akauacha. Mwaka 1912 London School of Economics ilimwajiri kufundisha, na yale aliyoyaona Stepney yakawa sehemu ya somo lake. Mwaka 1919 akawa meya wa eneo hilo hilo, mwaka 1922 mbunge wa Limehouse, jimbo lililokuwa ndani ya eneo hilo, na kuanzia 1945 hadi 1951 alikuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948. Mwanao simwahidi uwaziri mkuu. Ninachokionyesha ni kwamba sheria haikupotea alipoingia klabu. Mtu anayezijua sheria na pia anayajua maisha ya wanaozivunja kwa njaa ni adimu.

Hata hivyo, mama, kisa hicho husimuliwa mara nyingi bila sehemu yake moja. Baba yake Attlee alipofariki mwaka 1908, kijana alibaki na kipato cha urithi kilichomwezesha kuishi bila kutegemea ujira wa klabu. Njia yenye kona huwa nyepesi kwa mwenye mto wa kuegemea, na washauri wengi wa mambo ya kazi, nikiwamo mimi, hatulisemi hilo kwa sauti inayotosha. Kwa hiyo muulize mwanao ataishi kwa nini katika mwaka wa kwanza, nani anamtegemea, na kama leseni yake ya uwakili inaweza kudumishwa kwa kesi chache kwa mwezi huku akiiendesha klabu. Wengi huanza kwa kugawa wiki yao sehemu mbili. Akiwa na majibu ya maswali hayo, amekua. Akiyakasirikia, mwombe asubiri kidogo. Nawe ukaitembelee hiyo klabu siku moja kabla hamjazungumza tena. Mazungumzo kuhusu mahali ambapo mmoja wenu hajapaona huishia kwenye ugomvi.

Sisikii tena wanachoniambia

Mshauri, kwa miaka minane nimewahudumia wanawake waliopigwa majumbani mwao. Zamani nilikuwa nalia nao. Sasa mtu ananisimulia na mimi ninahesabu dakika. Nadhani moyo wangu umekuwa mgumu. Je, niache kabisa kazi za jamii?

Dada, hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, yaani kuchoshwa na kazi hadi kuishiwa, ilielezwa kitaalamu mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekuwa akijitolea jioni katika kliniki ya bure New York, naye aliwaona wenzake, na akajiona mwenyewe, wakiishiwa nguvu, wakiwa wakali au wakavu kwa wagonjwa wale wale ambao wao walikuja kuwasaidia. Waliochoka zaidi hawakuwa wavivu bali waliojituma kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeieleza hali hii kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, na halikuiita ugonjwa. Usijihukumu kuwa na moyo mgumu wakati ambapo kinachopaswa kuulizwa ni kwamba nani amekuwa akikupokea zamu, nani anakusikiliza wewe, na kwa nini miaka minane yote umekaa katika kiti kile kile.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ondoka katika chumba hicho, lakini usiamue leo kuondoka katika kazi yenyewe. Anayejua jinsi mwanamke anavyosita kabla ya kutaja jina la aliyempiga anahitajika kuwafundisha wahudumu wapya, kuandaa fomu ambazo hazimlazimishi mtu kusimulia mara nne, kukaa na polisi na mahakama wanapotunga taratibu zao. Omba kuhamishiwa kazi ya namna hiyo kwa kipindi kinachojulikana, kisha uamue ukiwa umelala usingizi. Ikiwa usingizi hauji hata baada ya kupumzishwa, au ukianza kuona maisha hayana maana, muone daktari mapema wala usingoje likizo.

Kabla hujahama, wale wanawake ambao kesi zao bado ziko wazi waambie mapema nani atakayezipokea, na umtambulishe kwao ana kwa ana.